Ofisi Mbili, Kiti Kimoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Waraka umetoka. Umebandikwa kwenye ubao wa matangazo ghorofa ya tatu, kati ya tangazo la choo kibovu na tangazo la mtu aliyepoteza kofia. Hivyo ndivyo Idara ya Usalama wa Taifa inavyotoa mambo yake ya siri.

Ofisi ya Sera (yetu) na Ofisi ya Uhusiano wa Kimataifa (yao) zinaunganishwa. Ofisi moja, mkuu mmoja! Wakuu wa sasa wote wawili wanastaafu mwezi huu. Wanabaki wasaidizi wakuu wawili. Mmoja ni mimi, miaka kumi na tisa katika sera. Mwingine ni Pasipoti.

Tunamwita Pasipoti kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutaja uwanja wa ndege. Ukimwambia kuna mvua, atakuuliza kama umewahi kuona mvua ya ile nchi aliyokwenda kwa mkutano wa siku mbili. Mimi wananiita Kifungu, kwa sababu najua vifungu vyote vya kanuni. Hilo si jina la utani. Ni heshima.

Waraka unasema kila afisa amwandikie Mkurugenzi pendekezo kabla ya Alhamisi saa sita mchana: ofisi mpya ipangwe vipi, na nafasi gani haina ulazima. Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nne. Nikahisi njaa.

Nyumbani nimemweleza mama watoto. Yeye ni mkunga, yuko wodi ya wazazi, hajui mambo makubwa. Akauliza kwa nini mimi na Pasipoti tusiifanye kazi pamoja. Nikamwambia kwa upole kwamba usalama wa taifa hauendeshwi hivyo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku nzuri! Nimefunga mlango tangu saa mbili asubuhi. Nimechora muundo mpya wa ofisi: visanduku tisa na mistari. Kisanduku changu kiko juu. Nimekipitishia wino mara tatu ili mtu asidhani kimefika hapo kwa bahati. Kisanduku cha Pasipoti hakimo. Si chuki. Karatasi ilijaa.

Kisha nikaandika pendekezo lenyewe. Sikutaja jina la mtu. Mimi si mtu wa majungu. Nimetaja namba ya nafasi tu, kama ilivyo kwenye orodha ya nafasi za kazi, na orodha hiyo naijua kwa moyo: Msaidizi Mkuu wa Sera ni namba 14, Msaidizi Mkuu wa Uhusiano wa Kimataifa ni namba 15. Nikaandika hivi:

"Nafasi namba 15 ifutwe. Mwenye nafasi hiyo hujisifu bila sababu, huzungumza muda mrefu katika vikao bila kufika popote, na kazi yake ingeweza kufanywa na kabati."

Nimeifurahia sana hiyo ya kabati. Nimecheka peke yangu mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Nikapiga muhuri wa SIRI mara mbili, mbele na nyuma, nikapeleka masjala. Anayeishikilia masjala ni mama mmoja mtu mzima, tunamwita Mama Masjala, yuko pale kabla sijaajiriwa. Kila barua ya Idara hupita mikononi mwake. Akaipokea, akavaa miwani, akaniangalia juu ya miwani. Akauliza kama nina uhakika. Nikasema sijawahi kuwa na uhakika hivi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wageni! Ujumbe wa watu sita kutoka Idara kama yetu ya nchi nyingine. Wamekuja kutueleza jinsi wao walivyounganisha ofisi zao. Pasipoti ndiye mwenyeji. Amevaa suti ya rangi ya majivu na anacheka nao kama ndugu.

Nikaona: hapa hapa. Mkurugenzi lazima ajue kwamba hata sisi wa sera tunaweza mambo ya kimataifa. Nikakaa safu ya mbele. Kila mtu alipewa kile kidude cha kuweka sikioni kumsikiliza mkalimani. Mimi nikakivua, nikakiweka mezani taratibu ili Mkurugenzi aone. Maana yake: sihitaji.

Lugha ile siijui. Lakini kuna mambo hayahitaji lugha. Kiongozi wa ujumbe alipoinua sauti, nikatikisa kichwa. Alipotabasamu, nikatabasamu. Akafika mahali akasema jambo kwa nguvu, akapiga meza, akanyamaza. Nikajua huo ndio mwisho. Nikapiga makofi.

Nilipiga peke yangu. Nilipiga muda mrefu. Hata mgeni mwenyewe alionekana kushangaa.

Wakati wa chai nikamuuliza mkalimani, kama mtu anayehakikisha tu neno moja, kile kipande cha mwisho kilitafsiriwaje. Akasema mgeni ameeleza kwamba kwao waliifuta Ofisi ya Sera kabisa, na mpaka leo hakuna mtu aliyegundua kuwa haipo.

Chai ikanipalia. Mkurugenzi alikuwa pembeni akiandika kitu katika kidaftari chake.

Si neno. Pendekezo langu lipo kazini.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwisha.

Nimepita masjala saa nne kuchukua jalada. Mama Masjala akasimama. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema miaka yote aliyokaa pale hajawahi kuona mtu akijitoa namna hii.

Nikasema asante. Nimezoea kusifiwa. Kisha nikauliza kujitoa namna gani.

Akasema: "Kuiombea nafasi yako mwenyewe ifutwe, mwanangu! Na kujisema vile bila kujionea huruma. Ile ya kabati imenigusa."

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni namba 14. Akafungua droo, akatoa orodha. Akaniwekea kidole chake mbele ya macho. Mwaka jana orodha ilipangwa upya kwa alfabeti. Ofisi yao humo imeandikwa Kimataifa tu, inaanza na K. Sera inaanza na S. Pasipoti sasa ni namba 14. Namba 15 ni mimi.

Nani alipendekeza orodha ipangwe kwa alfabeti? Ofisi ya Sera. Nani aliandika pendekezo hilo? Mimi. Kurasa thelathini na mbili, na viambatisho.

Nikaomba anirudishie barua yangu, nirekebishe nukta moja. Akasema imeshakwenda kwa Mkurugenzi. Nikaomba basi niende nikaisome tu. Akasikitika kweli. Akasema ina mihuri miwili ya SIRI, na wanaoruhusiwa kuisoma wameorodheshwa na mwandishi mwenyewe. Mwandishi hakujiweka kwenye orodha.

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa. Nikaliangalia kabati. Nadhani nalo liliniangalia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango wa kuichukua barua ulikuwa mwepesi. Ofisi ya Mkurugenzi haikai tupu, kwa hiyo lazima watu watolewe nje. Saa tano na dakika kumi nikapita karibu na king'ora cha moto, nikajikwaa kwa makusudi, nikakiegemea.

Sikujua kina sauti ile! Idara nzima ikateremka ngazi: makarani, madereva, walinzi, wale wa ghorofa ya tano ambao hatujui wanafanya nini. Wageni wetu sita nao wakatoka, mmoja akiwa na kikombe. Mimi nikapanda ngazi kuelekea juu, kinyume cha watu wote, nikisema samahani, samahani, nimesahau dawa.

Ofisi tupu! Trei ya barua juu ya meza, imejaa. Nikaingiza mikono yote miwili.

"Unatafuta nini humo, ndugu yangu?"

Pasipoti. Mlangoni. Amevaa kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Kumbe ndiye msimamizi wa dharura wa ghorofa hii, kazi yake kukagua kama kuna mtu amebaki ndani. Waliwahi kuitangaza kazi hiyo. Niliidharau.

Nikasema natafuta moto.

"Ndani ya trei ya barua?"

Sikuwa na kifungu cha kunisaidia. Nikamwambia kweli, bila kupenda: "Nimejifuta."

"Umejifanyaje?"

"Nimeandika nafasi namba 15 ifutwe. Nilidhani namba 15 ni..."

Akanimalizia mwenyewe: "Ulidhani ni mimi."

King'ora kinalia, sisi tunatazamana. Kisha Pasipoti akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, akavua miwani, akajifuta macho kwa pindo la kizibao. Nikasubiri amalize. Hakumaliza upesi.

"Basi soma na yangu," akasema. "Hiyo ya juu."

Nikasoma. Ukurasa mmoja tu, mwandiko wa mkono. Anasema mkuu wa ofisi mpya awe Kifungu. Anasema Kifungu anaboa, lakini ndiye pekee anayesoma mkataba mpaka mwisho kabla haujatiwa saini. Anasema yeye amechoka na safari. Binti yake wa mwisho, akiulizwa baba yako anafanya kazi gani, hujibu: yeye ni mgeni, huja nyumbani na begi.

Nikasikia kitu kifuani. Nilikuwa nimepanda ngazi mbio. Huenda ni hizo ngazi.

Kabla sijasema neno, Mkurugenzi huyu hapa mlangoni, anahema. Mikono yangu bado imo ndani ya trei. Pasipoti akasimama wima. "Ghorofa imekaguliwa, Mzee. Hakuna aliyebaki."

Mkurugenzi akaninyooshea kidole, akauliza huyu je. Pasipoti akajibu bila kupepesa macho: "Huyu ni msaidizi wangu wa dharura."

Msaidizi wake! Katika siku nzima, hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Barua haikupatikana. Mkurugenzi alikaa juu ya kiti chake, akaivuta trei karibu yake, akatushukuru. Taarifa ya tukio ameiandika Pasipoti: king'ora kimejaribiwa, kinafanya kazi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimemweleza mama watoto. Alikuwa ametoka zamu, anakunja nguo. Nilimweleza kwa mpangilio, nikianzia na alfabeti. Nilipofika kwenye kabati aliacha kukunja. Akajifunika uso na shuka. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatingishika.

Nimewaza maisha bila kazi. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alipunguzwa kazini miaka miwili iliyopita. Alikuwa mtu wa maana. Sasa anakuja kwetu kila Jumamosi na kupanga vijiko vyetu kwa urefu. Leo amekuja. Nilimtazama akivipanga. Nikagundua kijiko kimoja kimekaa pasipo pake, na mkono wangu ukanyooka wenyewe kukirekebisha. Nikaogopa sana.

Mama watoto akasema, akiwa ameshatulia: "Baba watoto, si uende Jumatatu umwambie Mkurugenzi ulikosea namba? Na yule mwenzako umwombe radhi."

Ukweli! Katika mipango yote niliyoipanga wiki hii, huo haukunijia hata mara moja. Hakuna atakayeutarajia kutoka kwangu. Ni mpango mzuri sana. Nimesema nimeufikiria mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimefanya mazoezi ya ukweli mbele ya kioo cha bafuni. Mara ya kwanza ulikuwa na maneno manane: Mzee, nilikosea namba, nilitaka kumfuta mwenzangu, samahani sana. Ukasikika vibaya. Nikaongeza mazingira kidogo. Mara ya tano ukweli ulikuwa umefika robo saa, na ndani yake mimi nilikuwa nimefanya vizuri tu.

Mama watoto alisikiliza mlangoni. Akasema turudi kwenye yale manane.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Niandike haraka, kabla sijasahau hata neno.

Kikao saa tatu kamili, ukumbi mkubwa, ofisi zote mbili. Nilikaa mwisho karibu na mlango. Pasipoti akaja akakaa kando yangu. Nikanong'ona kwamba nina jambo la kumwambia. Akanong'ona kwamba analijua.

Mkurugenzi akasimama na rundo la mapendekezo. Akasema amesoma yote kumi na mbili. Tisa yanaomba mwandishi apewe cheo. Moja linaomba kiti kipya. Mmoja amemsifia mwenzake. Akaweka karatasi chini, akatafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Na mmoja," akasema, "ameomba nafasi yake mwenyewe ifutwe. Amejieleza kwa ukweli ambao sijawahi kuuona katika utumishi wangu."

Ndipo nikainua mkono. Naapa niliinua! Maneno yangu manane yalikuwa mdomoni. Nikasimama, nikasema: "Mzee, nili..." Ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi. Makarani walisimama. Mtu mmoja wa Kimataifa alipiga mluzi. Ningefanya nini? Kuwakatiza watu si adabu. Niliinamisha kichwa na kukaa.

Kisha uamuzi. Nafasi namba 14 na namba 15 zote zimefutwa! Mkurugenzi akageuza ukurasa, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Badala yake kutakuwa na maafisa wakuu wawili, daraja lile lile na stahili zile zile, chumba kimoja, meza mbili zinazotazamana: mimi na Pasipoti. Mimi nisome mikataba mpaka mwisho. Yeye asisafiri tena ila mara mbili kwa mwaka.

Nina kazi! Nilitaka kumkumbatia mtu. Aliyekuwa karibu ni Pasipoti. Nikamkumbatia. Akanipigapiga mgongoni, akasema kwamba ameshampigia binti yake simu asubuhi, Mkurugenzi alimdokeza. Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, mle ukumbini kuna vumbi.

Na mkuu wa ofisi mpya? Mkurugenzi akasema katika mapendekezo yote kumi na mbili, kila palipokuwa na swali la nani anajua ofisi hizi mbili zinafanya nini hasa, waandishi waliandika jibu moja: ulizeni masjala. Basi ameuliza masjala. Masjala inajua.

Mama Masjala akasimama katika safu ya pili, akarekebisha mtandio wake, akasema vikao vyake vitakuwa vya dakika ishirini. Makofi hayo yalikuwa makubwa kuliko yangu. Nilijaribu kutolinganisha.

Baadaye nikamfuata koridoni kumpongeza. Akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba tangu Jumanne alijua nimekosea namba; ile Alhamisi alikuwa ananitania tu. Aliibana karatasi ndogo juu ya barua yangu kabla haijakwenda kwa Mkurugenzi. Nikauliza aliandika nini.

"Niliandika: Mwandishi hajui namba zilibadilika. Aliyezibadilisha ni yeye mwenyewe. Ana moyo mzuri akiwa amechoka. Asifukuzwe."

Kwa hiyo Mkurugenzi alijua. Alijua akiwa amesimama pale, akinisifu mbele ya watu wote! Nilimkumbuka alivyokuwa anauma midomo. Nikaegemea ukuta. Nilicheka, nikacheka tena, mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna dharura. Mzigo wa siku nne ulinitoka mabegani, nikahisi kama ningeweza kuteremka ngazi zote bila kukanyaga.

Pasipoti nimemwomba radhi. Maneno manane, hata sikuongeza. Akasema yamekwisha, ila ile ya kabati ataitumia.

Nyumbani mama watoto alinisoma usoni kabla sijavua viatu. Akakaa kwenye kochi, akafumba macho, akasema: "Alhamdu..." akaishia hapo, akapumua. Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa anaogopa, siku zote alizokuwa anacheka.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Asubuhi ya kwanza katika ofisi mpya. Amani tupu! Pasipoti ameleta picha ya binti yake na kuiweka mezani. Mimi nimesoma mkataba mmoja mpaka mwisho na kukuta kosa ukurasa wa arobaini. Tulifanya kazi mpaka mchana bila kugombana. Naona haya kuandika, lakini ilikuwa raha.

Nimekuwa mtu mwingine. Nimejiahidi: sitampangia mtu hila tena maishani.

Saa nane Mama Masjala alihamia. Chumba chake kiko mkabala na chetu, mlango wake ukiwa wazi naona ndani. Nilimsaidia kubeba majalada. Mama huyu ni mtu mzuri mno. Ameniokoa, sitamsahau. Nimemwambia hivyo kwa kinywa changu.

Lakini umri wake umekwenda. Ngazi ni nyingi. Mtu mwenye huruma angeandika dokezo dogo tu kwa Mkurugenzi, bila kutaja jina, kuhusu afya ya viongozi na haja ya kumteua wa kukaimu mapema. Si kwa ajili yangu. Nimeshaandika aya mbili za mwanzo, zimekaa vizuri.

Kiti chake kina magurudumu. Kinazunguka mpaka nyuma kabisa!